Maneno ya Ukutani kwa Mama Felista

Simu ya msiba wa Mama Felista ilinikuta mezani, hapa nyumbani Tabora, nimekaa na binti yangu Neema mbele ya kompyuta yake. Neema alikuwa ananitengenezea tovuti. Anasema biashara yangu ya kuchora mabango imefika mahali ambapo mteja asiyenikuta kwenye mtandao anadhani nimeshakufa. Alikuwa ameweka picha yangu, namba ya simu na mabango kadhaa ninayojivunia, na sasa alikuwa amefika kwenye ukurasa mtupu ulioandikwa juu yake "Misimamo Yangu." "Andika mambo unayoyaamini, baba," aliniambia. "Kila mtu anaweka. Uaminifu, ubora, kujituma." Nilimuuliza wanaosoma hayo wanafanya nini wakishasoma. Alinitazama kama ninamtania. "Hawafanyi kitu, baba. Wanasoma tu." Ndipo simu ikalia, na mtoto wa mwisho wa Mama Felista akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia siku nzima, kwamba mama amepumzika na wanazika Mpanda kesho kutwa. Niliumia sana. Nikamwomba Neema aufunge ule ukurasa kwanza, nikaenda kutafuta begi.

Nilifika Mpanda kwa treni katikati ya miaka ya tisini, kijana wa miaka ishirini na ushee, na mzigo wangu mkubwa ulikuwa makopo ya rangi. Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguka, na kila aliyekuwa na chumba kinachotazama barabara alitaka kukiita duka, saluni au stoo ya vinywaji, na kila mmoja alitaka jina lake liandikwe kubwa kuliko la jirani. Kwa mchora vibao ile ilikuwa neema. Nilipata chumba mtaa wa Majengo, uani kwa mama mmoja wa Kifipa aliyekuwa na mgahawa upande wa mbele. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na ukuta mmoja uliopakana na jiko, kwa hiyo nililala na joto la mafiga na kuamka na harufu ya vitunguu. Tapentaini yangu nayo ilipenya kwenda jikoni. Mama Felista alilalamika kwamba wateja wanamuuliza siku hizi maharage anayaunga na nini. Alipogundua mimi ni Mnyamwezi alifurahi kama mtu aliyeokota kitu, maana Wafipa na sisi ni watani, na tangu siku hiyo hakuniita jina tena. Nikawa mtani. Mtani anaruhusiwa kuuliza maswali ambayo mpangaji wa kawaida angefukuzwa nayo, na mimi nilikuwa mtu wa kuuliza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye hasira za karibu. Nilimsikia kupitia ukuta ule akigombana na muuza mkaa, na mleta samaki wa migebuka kutoka Karema, na hata na sufuria. Kinyongo alikuwa anakijua kukitunza. Kulikuwa na jirani ambaye hakumsalimia kwa sababu ya kuku aliyekufa kabla mimi sijaja Mpanda. Ndiyo maana nilishangaa siku aliyokuja mlangoni kwangu, mavuno yakiwa yamekwisha, nyumba zote za Majengo zikisiribwa upya kwa udongo na kupakwa chokaa, akasema, "Mtani, na mimi nina kazi. Niandikie ukutani."

"Nikuandikie nini? Mama Felista Hoteli?"

"Jina langu nani halijui? Niandikie ninavyotaka kuishi."

Nilicheka. Nikamwambia wenzake wanaandika chai, wali, maharage, karibuni wote. Akasema anayetaka kujua kama kuna wali atauliza. Nikakubali, kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake. Rangi ya mafuta ingebanduka kwenye udongo, kwa hiyo nilipasua betri kuukuu za tochi, nikachanganya ule unga mweusi na uji mwepesi wa mhogo ili ushike, nikavuta kamba yenye chaki kwenye ukuta wa barazani, chini ya bati mahali mvua isipofika, na yeye akasimama nyuma yangu akisema, mimi nikiandika. Chai ya jana haipashwi. Mkubwa na mdogo benchi moja. Asiyekuwepo hasemwi. Baada ya wa tatu nilidhani amemaliza, nikaanza kusafisha brashi. "Bado," alisema. "Andika: Aliyenikosea ale kwanza, maneno baadaye." Niliuandika huo kwa herufi kubwa kuliko mingine, si kwa sababu yoyote ila ukuta ulikuwa umebaki na nafasi.

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba watu wangeusoma ule ukuta kwa makini kiasi kile. Neema anasema kwenye tovuti yangu watu watasoma wapite. Majengo hawakupita. Mstari wa kwanza tu ulimletea wapima chai, wazee wa kuonja kwa ncha ya ulimi na kuuliza, "Mama, hii ni ya leo kweli?" Wa pili ulimfanya amwambie bwana mmoja wa ofisini, aliyezoea kuletewa kiti chenye mto, asogee kwenye benchi na wapakua mizigo. Bwana yule alisogea, akakaa, na baada ya siku chache akawa ndiye mpiga soga mkubwa wa benchi lile. Lakini ulioleta kichekesho zaidi ni wa tatu. Mama Felista alipenda umbea kama anavyopenda chumvi. Alikuwa akianza tu, "Hivi mmesikia yule mke wa…" benchi zima linakohoa. Mtu mmoja anasema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Mama, mstari wa tatu." Naye anafunga mdomo, anarudi jikoni, na mimi kupitia ukuta namsikia anaimalizia habari yote kwa msichana anayemenya ndizi. Nilimwambia jikoni pia ni ndani ya mgahawa. Akanijibu kwamba ukuta wa jikoni hauna maandishi.

Nilikuwa na hamu ya kweli ya kumwelewa. Jioni moja tumekaa uani, yeye anachambua dagaa, nilimuuliza kama mtani, "Mama, wewe na kinyongo ni pete na kidole. Huyo aliyekukosea wa kula kwanza ni yupi, na huyo Mama Felista wa kumlisha ni yupi? Mimi simjui." Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisema, "Ningekuwa naweza, ningeyaandika ya nini? Mimi siibi, mbona sijaandika siibi? Nimeandika yanayonishinda. Nimeyaweka nje ili nyie mnishike." Halafu akanigeukia. "Na wewe andika lako kwenye mlango wako, tuone." Kesho yake nilichukua brashi nikaandika mlangoni kwangu, KAZI SAFI KWA WAKATI. Alikuja akasoma, akafuta mikono kwenye kanga. "Hili ni tangazo, mtani. Lako liko wapi?" Nilikaa mbele ya mlango ule jioni nzima nikitafuta langu. Kila nililolipata, nikifikiria benchi zima linalisoma na kunikoholea, nililiacha. Mlango ulibaki na tangazo mpaka nilipohama.

Sasa lazima nimtaje Anselmo, kaka yake. Alilima kijijini Kasekese, na ndiye aliyeleta mahindi na maharage ya mgahawa kwa baiskeli na baadaye kwa gari la kukodi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, wa kula polepole. Dada yake alipofiwa na mume ni yeye aliyemfuata, akambeba pamoja na watoto, akampangia ile nyumba, na hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu. Mama Felista ndiye aliyelitaja. Nilimsikia mara nyingi akiwaambia wageni, "Nina kaka mmoja duniani, na mnamwona pale kwenye kona." Alipokuwa anakula, nyama ya juu ya sufuria ilikuwa yake, na hilo benchi halikulikoholea kamwe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Mwezi wa tatu mahindi ya Kasekese yalikuwa yameanza kukausha ndevu, na ndipo ng'ombe wa Masunga walipoingia shambani kwa Anselmo wakalala humo. Masunga alikuwa Msukuma aliyekuja na mifugo kutoka kaskazini miaka michache nyuma, mtu mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde hata akiwa anaomba chumvi. Siku za mnada alikula kwetu, na alipendwa, kwa sababu Wasukuma nao ni watani wa Wafipa na hakuna aliyemtania Mama Felista kama yeye. Habari ya shamba ilifika mjini kabla yao wote wawili. Anselmo ndiye aliyetangulia kuja, akakaa kwenye kona yake, akala kidogo, akasema mistari saba ya mahindi imebaki, labda nane. Dada yake alilia pale pale, kisha akaanza kuwalaani ng'ombe, na mwenye ng'ombe, na mama aliyemzaa mwenye ng'ombe. Hakuna aliyetaja mstari wa tatu.

Masunga aliingia saa ya chakula. Mpaka leo naamini alikuja kwa nia njema. Kwa desturi yetu mtani akiharibu hatangulizi pole, anatanguliza utani. Anakuja anakutukana kidogo, unamtukana, watu wanacheka, na ndani ya kicheko kile mambo mazito yanapata njia ya kutamkika. Wangapi nimewaona wakipatanishwa hivyo. Lakini utani una kipimo chake, na kipimo hicho hakijaandikwa popote. Masunga alisimama mlangoni akasema kwa ile sauti yake, "Mtani! Mahindi ya Wafipa mwaka huu yana sukari! Ng'ombe wangu wamekataa majani, wanauliza mtalima tena lini!"

Mtu mmoja alianza kucheka akaishia njiani. Masunga alikuwa hajamwona Anselmo kwenye kona. Alipomwona, niliona uso wake ukibadilika, akafungua mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama Felista alikuwa amesimama katikati na sahani ya ugali mkononi, imeandaliwa kwa mtu mwingine. Nilikuwa karibu yake. Niliona jicho lake likienda nje, barazani, kuliko na herufi zangu kubwa. Benchi zima liliyafuata macho yake. Hakuna aliyekohoa. Kisha akapiga hatua, akaiweka ile sahani mbele ya Masunga, akamletea maji ya kunawa.

"Unamlisha?" Anselmo aliuliza.

"Kaka, imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi uifute. Ukishindwa, nifute mimi kwenye undugu."

Aliondoka, sahani yake ikiwa nusu. Masunga alikula ugali ule kama mtu anayekunywa dawa, tonge kwa tonge, jasho linamtoka, na alipomaliza kunawa Mama Felista alivuta kigoda akakaa mbele yake. Hapo ndipo wengi wetu tulipokumbuka kwamba mstari ule ulikuwa na nusu ya pili. Sijawahi kusikia mtu akisemwa vile. Hakumtania hata neno moja. Alimweleza kaka yake ni nani, shamba lile lililimwa na mikono ya akina nani, na watoto wangapi walikuwa wanalitegemea. Masunga aliitikia tu, "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama," lile neno mtani limemkaukia mdomoni. Wiki iliyofuata alikwenda Kasekese na wazee wenzake, na ng'ombe jike mwenye ndama, na Anselmo akawapokea. Anselmo alimkubali ng'ombe. Alimsamehe Masunga. Dada yake hakumsamehe.

Nimelifikiria hilo mara nyingi, hata ndani ya basi nikienda mazishini. Inaonekana mgeni akikuumiza kuna njia ya kumlipisha, lakini mtu wa damu yako akisimama upande ambao si wako hata kwa dakika moja, hakuna ng'ombe wa kupima hilo. Mnada uliofuata Anselmo alikuja Majengo na jembe. Hakusalimia mtu. Alipanda barazani, wateja wakasogea na vikombe vyao vya chai, akaukwangua mstari wa nne wote, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, udongo ukimwagika miguuni kwake. Mitatu mingine hakuigusa. Mama Felista alitoka na mwiko mkononi, akasimama akatazama mpaka kaka yake alipomaliza na kushuka. Niliingia jikoni baadaye nikamkuta amekaa juu ya gunia la mkaa, macho makavu, jambo lililonitisha kuliko kilio. "Amenidhalilisha mbele za watu," alisema. "Huyu sitamlisha. Umesikia, mtani? Sitamlisha mpaka naingia kaburini. Na bahati yangu maneno kayafuta mwenyewe."

Nilisikia ahueni kwenye sauti yake, na hiyo ndiyo iliyonikosesha amani. Nilikuwa na unga wa betri, nilikuwa na brashi, ukuta ungesiribwa kwa asubuhi moja. Sikuthubutu kumuuliza. Anselmo naye alianza ukorofi wa aina ya pekee. Kila alipokuja mjini alikula kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, akichagua benchi la nje, ametupa mgongo, ili tumwone kwamba anakula na hatutazami. Mama Felista aliacha kutupa maji ya vyombo upande ule. Alianza kununua mahindi kwa watu wa Sibwesa, akayalalamikia kila siku kwamba yana mchanga. Benchi likapoteza raha. Ile mistari mitatu ilibaki pale na pengo lake chini, na hata aliposema watu hakuna aliyemkoholea, maana kila mmoja alimhurumia. Alikonda. Nilimwona mara nyingi, saa ya chakula, akisimama kwenye dirisha la jikoni akiutazama ule mgongo ng'ambo ya barabara, na akinikuta namtazama ananituma kuni.

Kisha ikaja siku moja, kiangazi kimeanza, vumbi limerudi barabarani. Anselmo alinyanyuka kwenye lile benchi la ng'ambo kabla hajaletewa chakula. Labda mapishi ya kule yalimshinda. Labda mkewe alikuwa amemsema. Sikupata kujua, na nilijaribu kuuliza miaka mingi. Alivuka barabara, akapanda barazani, akapita chini ya pale alipokwangua, akaingia. Kona yake ilikuwa imekaliwa. Aliyekaa pale akahama bila kuambiwa. Anselmo akakaa, akaweka mikono mezani, hakuagiza.

Mama Felista alikuwa kwenye mlango wa jiko. Mimi niliyekuwa mlangoni na kopo la rangi nikasahau ninakokwenda. Hakukuwa na kitu cha kumkumbusha. Ukuta ulikuwa mtupu mahali pale, na kila mtu aliyekaa ndani aliujua utupu ule. Hakutazama nje safari hii. Alimtazama kaka yake, kwa hasira kabisa, midomo ameibana, nikaamini atamfukuza, nikaanza kumwonea huruma kwa atakavyojuta. Akageuka akaingia jikoni. Tulisikia kifuniko kikifunuliwa. Alirudi na ugali, na samaki wa juu ya sufuria, akavitua mezani kwa kishindo mpaka mchuzi ukaruka, akamletea maji, akamshikia beseni anawe, huku machozi yakimtiririka na haoni haja ya kuyafuta.

Anselmo alikula polepole kama kawaida yake, na mara hii alimaliza. Dada yake alingoja amesimama.

"Umeshiba, kaka?"

"Nimeshiba."

"Haya. Sasa nisikilize." Akavuta kigoda.

Sitayaandika waliyosemeshana. Yalikuwa marefu, wote wawili walikuwa na makosa ya kuambiana, na sisi wengine tulitoka mmoja mmoja tukasimama barazani kwenye jua. Walipomaliza, Anselmo alichukua kofia yake akasema mahindi ya Sibwesa yana mchanga kweli, ameyaonja kule ng'ambo, na kwamba mnada ujao ataleta ya kwake. Nilingoja afike mbali. Nikaenda kwa Mama Felista na brashi mkononi, nikamwambia ukuta naweza kuusiriba leo leo na mstari wake ukarudi kabla jua halijazama. Alikuwa anafuta meza ile ya kwenye kona, polepole, mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi.

"Acha kwanza, mtani," alisema. "Ngoja nione kama na kesho nitaweza."